Vipuri vya Jiko la Mama



Karibu kila nyumba ina chombo kimoja ambacho wenyewe hawakubali kukitupa hata kikichakaa. Kwa wengine ni cherehani ya bibi, kwa wengine ni redio ya marehemu baba. Kwetu sisi, hapa bonde la Mto Mbwemkuru, upande ambao Nachingwea inapakana na Ruangwa, chombo hicho kilikuwa jiko la mafuta ya taa la pampu. Mama, yaani mama mzazi wa baba watoto, alikuja nalo alipohamia kwetu mwaka 2010. Alikuja na sanduku moja la nguo, mkeka, Biblia yake, na jiko lile limefungwa ndani ya kanga kama mtoto.

Huku kwetu hakuna baridi ya Makete wala ya Lushoto, na hakuna nyumba yenye mitambo ya kupasha vyumba joto kama zile tunazosikia za Ulaya. Lakini usiku wa Juni na Julai, kusi inapovuma, mzee na mtoto mchanga wanaisikia baridi hasa. Joto la nyumba zetu ni maji ya moto. Mama alikuwa anaumwa magoti, na kila alfajiri alihitaji ndoo ya maji ya moto ya kujikanda na kuoga kabla hajaweza kusimama vizuri. Kuni zilimkereketa kifua, na mkaa huchukua muda kushika. Jiko la pampu lilichemsha maji wakati sisi bado tunatafuta kandambili gizani.

Halikuwa la Mama peke yake. Mama yeyote wa jirani akijifungua usiku, mtu alitumwa kwetu kuliazima ili mzazi apate maji ya moto na uji upesi. Hata pale kijijini watu walianza kuliita jiko la wazazi. Tunataja haya ili msituone wajinga kwa safari na fedha tulizotumia baadaye kutafuta vitu ambavyo vyote pamoja vinaenea kwenye kiganja.

Baba mkwe alilinunua Nachingwea mjini baada ya msimu wa korosho wa 1973/74, msimu ambao nchi yetu ilikusanya korosho nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, takriban tani 145,000. Mama alipenda kusema kwamba mwaka ule wanaume wengi walinunua redio na baiskeli, lakini mume wake alimkumbuka mkewe. Mafuta ya taa yalipoadimika baada ya Vita ya Kagera, jiko lilikaa muda mrefu bila kazi, lakini hakuliuza. Baba mkwe alipofariki, ndugu waligawana vitu, na Mama akaomba hilo tu.

Kwa dada zetu wadogo ambao wamezaliwa wakati wa gesi, tueleze kidogo. Jiko hili si sawa na jiko la tambi ambalo wengi huliita la Mchina. Halina utambi hata mmoja. Lina tangi la shaba ya manjano lenye miguu mitatu, pampu ndogo ubavuni, na kichwa cha moto juu. Unamimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilichoko chini ya kichwa, unawasha, na kichwa kikishapata joto unapiga pampu. Upepo unasukuma mafuta kupanda juu, yanafika kwenye kichwa chenye joto na kugeuka mvuke, na mvuke unatoka kwa nguvu kupitia tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Moto wake ni wa buluu, hautoi masizi, na unavuma kama lori linalopanda mlima. Mtu aliyelitengeneza kwanza alikuwa Msweden, Frans Wilhelm Lindqvist, mwaka 1892, na jina la kibiashara lilikuwa Primus. Roald Amundsen alikuwa nalo katika safari yake ya Ncha ya Kusini mwaka 1911, na Hillary na Tenzing walikuwa nalo Mlima Everest mwaka 1953. Nchi nyingi zililiiga. La Mama halikujulikana ni la nani, maana maandishi chini ya tangi yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa na majivu miaka karibu 40. Mtakuja kuona jinsi usafi huo ulivyotugharimu.

Lilianza kusumbua mwaka 2012, mwezi wa sita. Kwanza pampu ikawa laini. Unapiga, unapiga, mkono haupati uzito wowote, na moto unasinzia. Mama alijua tatizo ni ngozi ya pampu, kile kikombe kidogo cha ngozi kilichoko mwisho wa fimbo ya pampu, ambacho hutanuka na kusukuma upepo. Ngozi ile ilikuwa imekauka na kupasuka. Tulimpelekea fundi viatu anayekaa chini ya mwembe, tukiwa na mashaka, lakini mzee yule aliitazama mara moja tu akasema, "Hii naiweza, mama."

Alikata duara kwenye ulimi wa kiatu cha zamani cha ngozi laini, akailoweka kwenye maji mpaka ikalainika, kisha akaikandamiza juu ya mpini wa mviringo na kuifunga kwa uzi ikae sura ya kikombe. Ikakaa hivyo mpaka ilipokauka. Mwisho akaichovya kwenye mafuta usiku kucha. Asubuhi tuliirudisha, na pampu ikawa nzito kuliko zamani. Alitudai shilingi 500. Mwenye jiko la namna hii asihangaike na ngozi ya pampu. Fundi viatu mwenye akili anatosha, na tone la mafuta kila mwezi litaifanya idumu.

Mafanikio hayo, tunakiri, ndiyo yaliyotutia kiburi. Tulianza kudhani kila kipuri kinaweza kubuniwa nyumbani.

Wiki chache baadaye moto ukageuka wa njano na kuanza kutoa masizi. Safari hii tatizo lilikuwa nozeli, kile kipande kidogo chenye tundu la kutolea mvuke. Tundu hilo likiziba huzibuliwa kwa sindano maalumu yenye waya mwembamba sana. Sindano ya Mama ilikuwa imepotea siku nyingi, na watu walioazima jiko walizibua kwa chochote, pini ya nguo, waya wa breki ya baiskeli. Tundu lilikuwa limepanuka. Mafuta yalitoka mengi kuliko moto ulivyoweza kuyala. Isitoshe, palikuwa na unyevunyevu wa mafuta pale kichwa kinapofungwa kwenye bomba, maana washa ya risasi iliyoko hapo ilikuwa imebonyea kabisa.

Basi tulihitaji nozeli moja na washa moja ya risasi.

Nachingwea mjini tulizunguka maduka yote ya vifaa. Vijana wa madukani walitutazama kwa huruma. Mmoja alitutolea tambi za jiko la Mchina, furushi zima, akatuambia zote ni sawa. Mwingine alituambia tununue jiko la gesi na mtungi wake, jambo ambalo lilikuwa jema, ila bei yake wakati ule ilikuwa zaidi ya uwezo wetu, na mtungi ukiisha ulilazimika kuusafirisha mbali kuubadilisha. Mji ule mwishoni mwa miaka ya 1940 uliletewa reli nzima kutoka pwani kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, reli ambayo ilifungwa mapema miaka ya 1960 na kung'olewa. Na sasa hatukuweza kupata hapo washa isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati!

Baba watoto alikwenda Ruangwa kwa shughuli zake akaulizia, hakuna. Tukaenda Masasi siku ya semina ya akina mama, tukatoroka wakati wa chakula kwenda sokoni. Huko tulimpata mzee mwenye duka la vyuma ambaye alilifahamu jiko letu, akafurahi kama aliyekutana na rafiki wa shule. Alipekua makopo yake nusu saa nzima. Alipata nozeli moja, yenye kutu kidogo, tukaishukuru mikono yake, tukarudi nayo nyumbani. Haikuingia. Hesi zake zilikuwa pana kuliko za kwetu. Ndipo tulipojua kwamba viwanda vilivyoiga jiko hili havikukata hesi za namna moja, na bila jina chini ya tangi hakuna awezaye kukuambia yako ni ya nani. Kwa hiyo nasaha yetu ni hii: usiende kutafuta kipuri kwa maneno. Beba kile kibovu mkononi.

Mwezi wa saba ukaingia na kusi yake. Mama alikuwa anaoga maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa kwenye mafiga, anakohoa, hasemi kitu. Mama akinyamaza sisi tulikuwa tunaumia zaidi kuliko angelalamika. Na mafuta ya taa yenyewe yalikuwa yamepanda bei tangu mwaka 2011, Serikali ilipoongeza ushuru ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Kila lita iliyovuja ilitusonya.

Hapo akapita fundi wa baiskeli. Alisema nozeli ataipunguza tundu kwa kuigongagonga taratibu kwa nyundo ndogo, na mahali pa washa ya risasi ataweka mpira. Tulimuuliza kama mpira utastahimili moto. Akasema, "Mama, wasiwasi wa nini? Kule Lindi wanafanya kila siku." Sisi ambao tuna elimu, ambao tunajua maji yanachemka kwa nyuzi ngapi na dawa gani inaharibika kwa joto, tukamwambia aendelee. Alikata kipande cha ndala iliyokuwa imelala mlangoni, akakitoboa, akafunga kichwa kwa nguvu zake zote. Alipowasha, moto ulikuwa wa buluu. Tulimlipa shilingi 2,000 na kumshukuru Mungu.

Lilikaa siku tatu. Siku ya nne, alfajiri, Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anapiga pampu, na binti yetu, wakati ule ana miaka 6, amesimama karibu na beseni akisubiri maji. Mpira ule ulikuwa umeyeyuka. Mafuta yakatoka ubavuni kabla hayajawa mvuke, yakashika moto, na moto wa njano ukapanda mpaka karibu na kenchi. Tulitoka chumbani mbio tukasimama kama miti. Mama ndiye aliyefanya la maana. Alijizungushia kanga mkononi, akanyoosha mkono kupitia ule moto, akafungua skrubu ya kutolea upepo. Upepo ukatoka, moto ukaanguka chini mara moja, akaufunika kwa gunia lililolowa.

Lakini mafuta yalikuwa yamemrukia mtoto mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kiganja.

Tuseme hapa kile tunachokijua kwa kazi, kwa sababu huenda nyumba yako ikakipata kabla hujafika mwisho wa gazeti hili. Tulimvua bangili ya shanga kabla mkono haujavimba, tukamwagia mkono maji safi ya baridi ya mtungi, polepole, mfululizo, dakika 20 kwa saa ya ukutani. Dakika 20 ni nyingi mno mtoto akilia. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine na yai, mwingine akasema tupake unga wa ngano. Wote walikuja kwa upendo. Tuliwazuia wote, maana vitu hivyo hufungia joto ndani ya nyama na kuleta uchafu kwenye kidonda, na daktari au muuguzi atalazimika kuvikwangua. Barafu nayo haifai. Malengelenge yalipotokea hatukuyapasua. Tulifunika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, tukampeleka kituoni, akapata dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda. Jambo jingine, akina mama: moto wa mafuta haumwagiwi maji, hufunikwa. Na mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa au galoni iliyowahi kuwekwa petroli ya pikipiki, hata ikiwa imeoshwa. Petroli kidogo tu inatosha kuligeuza jiko la pampu kuwa bomu.

Haya yote tulikuwa tukiyafundisha kliniki kila wiki. Ndiyo maana aibu ilikuwa kubwa. Majirani walipokusanyika kuuliza imekuwaje, kabla hatujafungua mdomo, Mama alisema, "Ni mimi. Nimezidisha kupiga pampu. Uzee huu."

Na sisi tukanyamaza.

Tulijua si pampu. Tulikuwa tumekwisha kukiona kipande cha ndala kilichoyeyuka kimeng'ang'ania bomba, cheusi, kinanuka. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kusikia watu wakisema "wazee nao" kuliko kusikia wakisema "muuguzi mzima amemuunguza mwanawe kwa kutaka kuokoa nauli ya kwenda Mtwara". Siku nne tulinyamaza. Baba watoto alisema jiko litupwe chooni. Mama akajibu, "Litupeni," akaingia chumbani, na jioni ile hakula. Tulikwenda kanisani Jumapili, tukaimba, tukasimama mbele kutangaza ratiba ya kuwatembelea wagonjwa. Wanawake wakatupa pole. Mmoja akasema kwa wema kabisa kwamba wakati umefika wa kumzuia Mama asiguse moto. Tukaitikia kwa kichwa.

Hata leo, miaka mingi baadaye, kichwa kile tulichoitikia kinatuuma kuliko mkono wa mtoto.

Usiku wa Jumapili ile hatukulala. Tuliamka wote wawili, tukamgongea Mama. Alikuwa macho. Tulipiga magoti tukamwambia, "Mama, tusamehe. Si wewe. Ni mpira aliouweka fundi, na sisi ndio tuliomruhusu. Tumekuacha ubebe lawama yetu."

Akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Wanangu, mimi nilijua. Nilimwona fundi akikata ndala. Ile ndala ilikuwa yangu."

Tukauliza kwa nini basi alijitwisha.

"Wewe kesho utakwenda kuwafundisha wenzako habari za moto," akamwambia mkwewe. "Watakusikiliza wakijua? Mimi wananifundisha nini tena. Lakini nilikuwa nasubiri mje." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na ndala ninaidai."

Tulicheka huku tunalia. Jumanne iliyofuata kliniki tulisimama na kusimulia habari yote kama ilivyokuwa, na jina la Mama tukalisafisha mbele ya wanawake wale wale. Alikosea juu ya jambo moja: walisikiliza kuliko siku zote. Mmoja alinyanyua mkono akasema kwake vali ya jiko imefungwa kwa uzi na sabuni. Mwingine alikuwa anajazia mafuta jiko likiwa linawaka ili uji usikatike. Siku ile hatukufungua kitabu cha mafunzo kabisa.

Jiko halikutupwa. Mama alitaka maji yake, na sisi tulitaka kulipa deni. Safari hii tulifanya kama tulivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Tulifungua nozeli na mabaki ya washa ya zamani, tukavifunga kwenye pamba kama sampuli ya maabara, tukaviweka ndani ya bahasha na kuipa basi la Dar es Salaam. Dada mmoja tuliyesali naye zamani anaishi huko. Alikwenda Gerezani, kule wanakouza vyuma vya kila namna na mafundi wanafua masufuria na majiko, akazunguka siku mbili baada ya kazi. Siku ya pili mafundi walimwelekeza kwa mzee aliyekuwa na kopo la vipuri vya majiko ya pampu vilivyotengenezwa India. Alijaribu nozeli moja moja kwenye kichwa cha jiko bovu alilokuwa nalo yule mzee, akilinganisha na ya kwetu, mpaka akapata inayokubali hesi. Akanunua nozeli mbili, sindano mbili za kuzibulia na washa sita za risasi.

Kabla bahasha haijarudi, fundi mwingine alikuwa amependekeza tuyeyushe risasi ya betri kuukuu ya gari tumimine washa wenyewe. Tulikataa, na tunawasihi mkatae. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala dalili ya haraka. Washa iliyokwisha tengenezwa ukiifunga na kunawa mikono, basi. Kuyeyusha jikoni penye watoto, hapana.

Basi lilifika saa mbili usiku. Bahasha ilikuwa imekunjwa ndani ya gazeti, imefungwa kwa mpira, jambo ambalo Mama aliliona na kulitania. Tuliweka washa mpya, tukakaza kichwa, tukaweka nozeli. Hatukuwasha siku ile. Tulipiga pampu bila moto kwanza, tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote kuona kama kuna mahali panapotoa kipovu. Hapakuwa na kipovu. Asubuhi tuliwasha uani, mbali na nyasi, watoto wakiwa barazani. Moto ulikuwa wa buluu na ulivuma. Binti yetu alikataa kusogea, mkono umefungwa bandeji. Mama akamwita, "Njoo, mke mwenzangu, uchukue maji ya baba yako." Hakwenda. Alikwenda baada ya wiki mbili, na hakuna aliyemlazimisha.

Mama aliendelea kuoga maji ya jiko lile mpaka alipotutoka mwaka 2019. Sheria tuliziandika kwa chaki ukutani na hata alipoazima jirani tulimsomea: halijazwi likiwa na moto, haliwashwi ndani ya chumba cha kulala wala penye madirisha yaliyofungwa, halizibuliwi kwa pini ya nguo. Baadhi ya majirani walinung'unika kwamba tumekuwa wagumu. Watoto waliozaliwa usiku katika miaka hiyo, tuliacha kuwahesabu walipofika 19.

Siku hizi tunapikia gesi. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo mwaka 2034, na kwa yale tunayoyaona wodini, vikohozi vya akina mama wa mafiga, tunauombea ufike hadi ng'ambo ya mto. Ila hata gesi ina bomba la mpira na ina washa. Tumeshaona nyumba moja bomba limepasuka na kufungwa kwa plasta ya vidonda, tena plasta ya kutoka kwetu.

Jiko la Mama lipo juu ya kabati. Shaba yake tunaing'arisha, lakini si kwa majivu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka upande wa Ruangwa, amebeba kitu ndani ya kanga. Aliposema hodi tulijua kilichomo kabla hajafungua. Jiko la pampu, tangi limebonyea, washa imekwisha. Alisikia kwamba kwetu kuna vipuri. Mkwe wake ana mimba ya miezi minane na mkaa umepanda. Tulimweleza kwamba gesi ingemfaa zaidi, akasema anajua, lakini mkwe hatasubiri korosho ziuzwe. Halafu akasema kwamba ikiwa washa za risasi zimekwisha asitusumbue, kuna kijana amemwambia mpira wa tyubu nao unafaa.

Binti yetu, sasa msichana mkubwa, alikuwa anachambua mchele barazani. Aliweka ungo chini, akapandisha mkono wa blauzi yake na kumwonyesha yule mama. Kovu ni pana kama jani la mkorosho.

Yule mama akaketi. Sisi tukaingia ndani kutafuta bahasha. Zilikuwa zimebaki washa tatu.